Mwaka Mmoja Si Kitu

Padre Fulgensi tulimzika Alhamisi mjini Shinyanga, na tangu nirudi hapa Kagongwa sijaweza kutulia. Naanza kupepeta mchele, naacha ungo katikati. Nashika ufagio, nausahau mkononi. Jirani yangu Mama Kabula aliniuliza kama marehemu alikuwa ndugu, nikamwambia hapana, nilimpikia tu zamani. "Mbona unamlilia kwa miguu?" akasema, na ni kweli, kwa sababu machozi sina ila miguu haikai. Kule mazishini walisoma wasifu wake. Walisema alisomea fizikia Ulaya, kwamba alifundisha seminari miaka mingi, kwamba aliwaonyesha vijana kuwa imani na elimu ya nyota havina ugomvi. Yote ni kweli. Kisha mwenye kuongoza shughuli akauliza kama kuna mtu mwenye neno fupi. Nilikuwa chini ya turubai la nyuma pamoja na binti yangu anayekaa Kambarage. Nilinyanyua mkono ukafika usawa wa bega, halafu nikaushusha, nikajifanya naweka sawa kitenge. Hakuna aliyemtaja Shija. Mimi ni mtu wa darasa la saba na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua, lakini siku ile nilinyamaza, na haikuwa mara yangu ya kwanza kunyamaza penye habari za Shija, ndiyo sababu naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mpishi katika nyumba ya mapadre ya parokia moja ndogo upande wa Bulyanhulu, miaka ambayo simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Nyumba yenyewe ilinuka mafuta ya taa na vitabu vilivyoloa wakati wa masika. Chumba cha kulia kilikuwa na meza moja, viti vinne, picha ya Moyo Mtakatifu, na televisheni ambayo mtu fulani aliitoa sadaka bila kufikiri kwamba kule kwetu haikamati kituo chochote. Kati ya chumba hicho na jiko langu palikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, chenye kimlango cha mbao. Kimlango kile kilikuwa hakifungi vizuri. Sisemi kwamba nilishindwa kukitengeneza. Kipande kimoja cha ubao chini ya bawaba kingetosha. Sikukiweka kwa sababu nilipenda kusikia.

Kila Jumamosi, baada ya mafundisho, Mwalimu Masanja alikula chakula cha mchana na Padre. Huyu alikuwa katekista wetu, Msukuma wa makamo, mrefu, mwenye baiskeli ambayo fremu yake ilichomelewa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Alikuwa amebeba katekisimu kichwani, maswali na majibu, neno kwa neno, akaipeleka vijijini ambako watu walimwachia mbwa. Jumamosi moja, jenereta likiwaka, nilimsikia Padre akimwita aangalie televisheni. Ilikuwa inaonyesha chenga tupu na kutoa ule mlio wa kuungua.

"Unaona chenga hizi, Mwalimu? Baadhi yake ni joto la mwanzo wa ulimwengu. Bado linapita. Linapita humu chumbani kwetu."

"Padre, hiyo ni televisheni mbovu."

"Ni nzima kabisa. Ila haina kituo, kwa hiyo inapokea yaliyopo."

"Basi mimi nina redio ya namna hiyo nyumbani. Sikujua kama inamhubiri Muumba."

Padre alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaeleza, kwa sauti yake ya darasani, kwamba zamani sana kila kilichopo kilikuwa kimebanwa mahali padogo mno, kikiwa moto usioelezeka, kikaanza kutanuka, na bado kinatanuka. Kwamba imepita miaka mabilioni kumi na kitu. Kwamba mmoja wa watu wa kwanza kabisa kupiga hesabu hiyo alikuwa padre, padre kweli wa misa na kola, kutoka Ubelgiji. Na padre huyo hakutaka watu watangaze kwamba hesabu zake zimethibitisha kitabu cha Mwanzo. Aliona hesabu ina kazi yake na sala ina kazi yake.

"Wazungu wana mapadre wengi," alisema Masanja. "Hawakosi wa kila aina." Nikasikia akisogeza sahani. "Sikiliza, Padre. Mimi si msomi. Lakini hawa watu ninaowafundisha ni wachimbaji. Mtu akishuka shimoni, duarani, haulizi kila timba la kuzuia udongo limetoka mti gani. Anapita chini yake, basi. Ukilitoa timba moja, udongo unashuka. Siku sita ni timba. Usilitoe."

"Na timba bovu, Mwalimu? Nalo huua."

Hapo nikapitisha ugali na mlenda kama mtu aliyefika sasa hivi.

Shija alikuwa mchumba wangu. Alifanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na jioni alishuka mwaloni kusaidia kuosha mchanga uliosagwa. Vumbi la mawe lilimkaa kwenye nyusi na kope hata ukimwona kwa mbali ungemwamkia kama mzee. Alikuwa mkatekumeni mwaka wa pili. Pasaka ile abatizwe, kisha tufunge ndoa kanisani; hayo ndiyo tuliyokubaliana. Alikuwa amekwisha kuchagua na jina, Paskali, na mimi nilikuwa nimemshonea shati jeupe kwa mkono, kola yake imekaa upande kidogo. Sitasema alikuwa mtakatifu. Alitukana karasha kila siku na kulisha mawe kwa hasira. Lakini alitaka ubatizo ule kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, kama mtu anayetaka kuingia ndani mvua ikinyesha. Na swali lake la kwanza kila Jumamosi lilikuwa moja.

"Leo Padre kala nini?"

Maana yake ilikuwa, leo Padre kasema nini. Nami nilimpelekea yote, kama nilivyompelekea ukoko wa wali. Siku niliyompelekea habari ya dhahabu alikuwa ameinama juu ya karai, maji yamefika magotini.

"Ngoja. Dhahabu haikuzaliwa humu ardhini?"

"Padre anasema ni ya zamani kuliko dunia. Ilitokea nyota zilipokufa. Zilipasuka, vumbi lake ndilo likaja kufanya dunia."

Alisimama wima, akamwita mwenzake Juma, kijana wa Kigoma waliyekuwa wakiosha pamoja. "Juma! Unajua unaosha nini? Maiti ya nyota."

"Mimi nataka ile iliyofia kwenye kiroba changu," alisema Juma bila kuinua kichwa.

Shija alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliendelea kutikisa karai polepole, mchanga mweusi ukizunguka, na pembeni kabisa kikabaki kijipande cha njano kidogo kama kucha ya mtoto mchanga. "Basi Mungu ana subira," alisema. "Mimi karasha likisimama nusu saa natukana."

Wiki moja kabla ya Kwaresima wakatekumeni walihojiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Anayetaka kubatizwa Pasaka hukaa benchi la mbele kanisani, Jumamosi asubuhi, wazee watatu wa kanisa wakiwa mezani na katekista akiuliza, daftari lake limefunguliwa. Ukipita, jina lako linabaki. Mimi nilikuwa pale nikiwamiminia wazee chai. Mwalimu Masanja aliita kwa kufuata orodha, na kila mmoja alijibu "Nipo" na kusimama.

"Shija."

"Nipo, Mwalimu."

"Nani aliumba mbingu na nchi?"

"Mungu, Mwalimu."

"Kwa siku ngapi?"

Ningependa kuandika kwamba alitaka kubisha. Hakutaka. Lilikuwa swali lililomkaa moyoni, na alidhani kuhojiwa ni mahali pa kuulizana. "Sita, Mwalimu," alisema. "Ila siku za namna gani? Jua limeumbwa siku ya nne. Hizo tatu za kwanza zilipimwa kwa nini?"

"Kwa saa ya mkononi!" akasema mtu benchi la nyuma, na kanisa zima likacheka, hata mzee mmoja mezani. Mwalimu Masanja hakumwona aliyesema. Aliona vicheko tu, na Shija amesimama katikati yake.

"Nani kakufundisha hayo?"

Shija alinitazama. Ilikuwa kidogo sana, kama mtu anayetazama mlango kuona kama umefungwa. Nilikuwa na birika mkononi. Padre alikuwa amesema maneno yale yale mezani wiki mbili kabla, jua na siku ya nne, na mimi ndiye niliyeyabeba.

"Nimefikiri mwenyewe, Mwalimu. Karasha likizunguka, mtu unafikiri."

"Basi nenda ukafikiri mwaka mmoja zaidi." Akachukua rula, kwa maana alikuwa mtu wa rula, akapiga mstari juu ya jina.

Nilimmiminia mzee wa tatu chai mpaka ikafurika kwenye kisosi. Hicho ndicho nilichofanya.

Mchana ule chakula kilikuwa wali na dagaa. Nilisimama kidirishani, bakuli la mchuzi mikononi, Masanja akisimulia. Padre alisema kijana ameuliza swali la kweli, hata maaskofu wa zamani, zaidi ya miaka elfu iliyopita, walijiuliza hilohilo. Arudishwe kwenye orodha.

"Sikatai, Padre. Lakini walicheka. Ukimrudisha leo, Jumapili nikisimama kufundisha watanicheka mimi. Wewe utahamishwa, mapadre huhamishwa. Mimi nitabaki hapa na watu hawa."

Nilisikia kijiko cha Padre kikikoroga chai, kikaendelea kukoroga wakati sukari lazima ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Hapo ndipo ningeingia. Mlango ulikuwa hatua nne. Ningesema, Padre, ni maneno yako, nimeyabeba mimi, Shija hakumdhihaki mtu. Lakini ningekiri kwamba nasikiliza, na mpishi anayesikiliza hurudishwa kwao. Mchuzi ulikuwa unanichoma vidole kupitia bakuli. Sikuliweka chini, wala sikuingia.

"Basi asubiri," alisema Padre. "Mwaka mmoja si kitu, Mwalimu. Mungu amesubiri mabilioni ya miaka mpaka Shija akazaliwa. Hatashindwa na mmoja."

Wakacheka wote wawili, vicheko vya watu waliotua mzigo.

Hata maneno hayo nilimpelekea Shija. Naona aibu kuliko yote kwa hilo. Nilidhani ni faraja. Tulikuwa tumekaa juu ya viroba vya mawe, karasha limesimama kwa kukosa dizeli, na nikamwambia: Padre kasema mwaka mmoja si kitu.

Alifuta vumbi kwenye kope kwa kidole gumba. "Kwake si kitu," alisema. "Yeye ana mabilioni. Mimi ninao huu." Halafu, kwa kuwa hakupenda kunihuzunisha, akasema kuna rashi mpya ya dhahabu upande wa Geita, watu wanakimbilia kule, na yeye ataenda badala ya kukaa hapa kuchekwa. Atarudi kabla ya Kwaresima nyingine. "Wewe tunza hilo shati. Na kola uinyooshe."

Kola niliinyoosha. Niliifumua na kuishona upya mara mbili mwaka ule. Miezi ile niliishi kama ninavyoishi wiki hii, mikono inaanza kazi na kuiacha. Nilimchukia Mwalimu Masanja, nikamchukia Padre na nyota zake, halafu Jumamosi ikifika nilisogea tena kidirishani, kwa sababu nilikuwa nimezoea kusikia habari za ulimwengu na sikuwa na nyingine. Niliposali usiku nilijikuta natazama juu na kujiuliza kama kweli kuna Mtu huko au ni umbali tu, umbali mtupu unaotanuka. Sikumwambia yeyote. Ningemwambia Shija.

Juma alikuja mwezi wa Desemba, mchana, nikiwa napika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Alikataa kiti, akakataa maji, akachuchumaa nje ya mlango wa jiko. Nikajua. Mvua ilinyesha siku mbili, alisema, na matimba yalikuwa ya kuunga. Duara lilititia Shija akiwa chini. Walimtoa siku ya pili. Maiti inaletwa kwao, kuzikwa ni kesho.

"Alikuwa anahesabu wiki," Juma alisema. "Kila Jumapili ananiambia zimebaki ngapi. Mimi Mwislamu, lakini hesabu yake naijua kwa kichwa."

Ilikuwa Jumamosi. Masanja alikuwa mezani. Juma aliingia akawaambia, akatoka, na mimi nikabaki nimesimama mahali pangu, kidirishani.

"Nitamzika kwa ibada kamili," nilisikia Padre akisema. "Mkatekumeni huzikwa kama Mkristo. Ndiyo sheria ya Kanisa."

"Hakuwa mkatekumeni tena." Sauti ya Masanja ilikuwa ndogo. "Nilimtoa."

"Mungu hasomi daftari lako, Mwalimu!"

Masanja akajibu: "Na wewe ulisema asubiri."

Niliingia kupitia mlangoni. Sikumbuki zile hatua nne. Nilisema yote bila kupumzika: kwamba nasikiliza kila Jumamosi, kwamba maneno ya jua nilimpelekea mimi, kwamba siku ya kuhojiwa nilikuwa na birika na sikusema, kwamba hata hilo la mwaka mmoja alilipata kwangu. Nilimaliza nikangoja kufukuzwa. Mwalimu Masanja akasukuma kiti kwa mguu.

"Kaa, binti."

Nilikuwa nimeiandaa meza ile mwaka mzima na sijawahi kuikalia. Tulikaa watatu, michembe ikapoa na kushikana. Masanja alilia kwa uwazi kama wanavyolia wazee wa kwetu, bila kuficha uso. Kesho yake walikwenda kumzika, wote wawili kwenye pikipiki moja, mimi nikifuata kwa gari la mizigo na akina mama. Kaburini Padre alisoma sala za kitabuni, hakuongeza neno lake. Alipotupa udongo nilimwona akiutazama kwanza kwenye kiganja.

Alihamishwa miaka michache baadaye, kama Masanja alivyotabiri, na Masanja alibaki hadi alipokufa. Mimi niliolewa, nikapata watoto, nikafiwa na mume, nikaja Kagongwa kwenye biashara ya mchele. Mwaka jana nilimtembelea Padre Shinyanga, kwenye nyumba ya mapadre wazee. Alikuwa amekonda, blanketi magotini wakati wa jua kali. Alinikumbuka. Nilimletea mchele, na tulipomaliza habari za afya nikamuuliza kile nilichokuwa nimekibeba tangu ujana.

"Padre, ulisema mwaka mmoja si kitu. Bado unaamini?"

Hakuuliza mwaka upi. "Kwa Mungu, mwaka wa Shija una uzito sawa na yale mabilioni yote," alisema. "Hilo naliamini kuliko zamani. Lakini mimi sikuwa Mungu, Tereza. Nilimpimia mtu kwa kipimo cha nyota kana kwamba nyota nilizitengeneza mimi." Kisha akasema: "Wanafunzi wangu wote nimewasimulia. Kwanza nawafundisha umri wa ulimwengu, halafu nawaambia habari za kijana aliyeambiwa asubiri."

Labda ningesema hayo pale mazishini. Labda yupo mwanafunzi wake aliyeyajua, naye akanyamaza kama mimi. Sijui. Imani yangu ipo, haikufa duarani, ila tangu mwaka ule haijawahi kukaa kitako. Inatembea ndani ya nyumba kama mimi wiki hii. Nilidhani nikizeeka itatulia.

Pasaka iliyofuata kifo cha Shija, wabatizwa wa parokia yetu walibatizwa Jumapili asubuhi, kwa kuwa wengi walitoka machimboni mbali na Padre hakutaka watembee usiku wa mkesha. Nilikaa benchi la tatu na lile shati limekunjwa mapajani. Sikujua nimelileta kwa nini. Padre alisimama penye maji, jagi mkononi, akipokea orodha kutoka kwa Mwalimu Masanja, aliyeiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kila aliyeitwa alijibu "Nipo", akasogea, akainamisha kichwa. Katikati ya orodha Padre alisita. Aliutazama ule mwandiko, akamtazama Masanja, na Masanja akatikisa kichwa, endelea.

"Shija. Paskali."

Kanisani ukasikika mlio wa karasha la mbali. Wazee wale watatu waliinamisha nyuso. Ndipo Mwalimu Masanja, aliyekuwa amepiga mstari kwa rula, akasogea hatua moja mbele na kujibu kwa sauti ile aliyofundishia.

"Yupo."

Padre hakumwaga maji. Marehemu habatizwi, hilo tunalijua wote. Alisimama tu, jagi limeinuliwa juu ya mahali pasipo na mtu, akakaa hivyo muda uleule unaotosha kumbatiza mtu mmoja, bila kuupunguza. Kisha akaita jina lililofuata.